Huyu komba ni mtoto au ndo ukubwa wake? (Kazimzumbwi)

Bi Mwana wa Kisarawe
Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu. Huku kwetu kando ya msitu wa Kazimzumbwi vijana wa mkaa wameangusha mti, juu kulikuwa na kiota cha majani na humo akatoka kamnyama kadogo mno, ukikaweka kiganjani nafasi inabaki, macho makubwa, pua imebinuka juu kidogo, mkia mwekundu mwekundu manyoya yamesimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Wanasema ni mtoto wa wale komba wanaolia usiku. Jirani kamweka kwenye boksi, anampa maziwa ya ng'ombe, eti akikua atamuuza. Mchana kutwa kajikunyata konani hata hasogei, roho inaniuma. Ni mtoto kweli? Tumfanyeje?

Mpenda Misitu
Dada angu kwa huo mkia ulivyouelezea mi naona huyo si mtoto. Pugu na Kazimzumbwi kuna komba zaidi ya aina moja. Yule anayelia usiku mpaka mgeni akadhani kichanga kimetupwa ni komba mkubwa, anafika karibu robo tatu ya kilo. Halafu kuna komba wa Rondo, mtu mzima kabisa ana kama gramu 60 tu, na mkia wake ndo huo huo. Jina kapewa kwa nyanda za Rondo kule Lindi, wataalamu wamemtambua kuwa aina yake peke yake miaka ya 1990 tu hapo, maana hawa wadogo wanafanana mno kwa sura, wanaowachunguza wanawatofautisha kwa milio, wanakaa na kinasa sauti msituni usiku kucha.

Na huyo dunia nzima yuko Tanzania peke yake, tena vipande vipande: Rondo, Litipo, Chitoa na Ziwani huko kusini, katikati pengo kubwa, kisha huku Dar na Pwani: Pugu-Kazimzumbwi, Pande na Zaraninge. Ameshaingizwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya jamii 25 za nyani, kima na komba zilizo hatarini kuliko zote duniani. Kwa hiyo kila gunia la mkaa linalotoka humo kwenda Dar linamgusa yeye moja kwa moja.

Mgema wa Mafia
Huku kwetu komba tunamjua kwa kupenda tembo la mnazi, unapanda asubuhi unakuta kibuyu kishaguswa. Ila ni yule mkubwa, hako kadogo sijawahi kukaona. Swali langu, kwani akifugwa vizuri akapewa ndizi si ataishi tu?

Mpenda Misitu
Kaka hapana. Chakula chake hasa ni wadudu, matunda anaongezea tu, na anakitafuta usiku akirukaruka toka shina hadi shina kwenye vichaka vya chini. Ndo maana hata wakiacha miti mikubwa wakafyeka vya chini bado wamemwondolea jiko. Kwenye boksi ataruka wapi?

Tena Bi Mwana angalieni kama ni jike na chuchu zimejaa. Komba mama hubeba mtoto kwa mdomo, akienda kutafuta chakula anamficha kwenye majani halafu anamrudia. Kama ni mama basi kuna kichanga kinamsubiri huko, haraka sana tafadhali.

Afisa Kijani
Naongezea la sheria, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu mtu kukaa na mnyama pori wala kumuuza bila kibali. Mwambieni jirani kwa upole, wengi hawajui. Mpigieni afisa wanyamapori wa wilaya au wahifadhi wa TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) hapo msituni, ule ni hifadhi ya mazingira asilia na wao ndo wenyewe. Kwa sasa acheni maziwa, boksi lifunikwe kitambaa liwe giza, watoto wasimshikeshike, mkipata panzi au kumbikumbi mwekeeni.

Bi Mwana wa Kisarawe
Asanteni sana. Jirani kaelewa, na ni jike kweli. Mhifadhi kapokea simu, anakuja magharibi hii. Ila mti wenye kiota ndo umeshakatwa, tumwachie wapi?

Afisa Kijani
Hapo hapo jirani na kisiki, giza likishaingia, kwenye kichaka kizito kinachogusana na miti iliyobaki. Msimpeleke mbali, kama ana mtoto atakuwa hapo hapo karibu. Mkishamwachia zimeni tochi muondoke, na wale vijana waambieni kesho wasirudi upande huo.