Sanduku la kuoteshea ndani kutoka Kanada, litafaa kwetu Unguja?

mwana_fuoni:
Assalaam alaykum jamani. Naombeni ushauri wa kweli mana nauli ya mzigo ntalipa mie. Kaka yangu yuko Kanada, kule tangu Oktoba 2018 sheria inaruhusu kupanda bangi mpaka mimea minne nyumbani, sehemu nyingi za nchi, basi yeye alinunua sanduku lile la automatiki, kama friji vile, ndani mna taa za LED, tangi la maji, pampu, feni, na linaungana na simu likakwambia maji yamepungua au pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, imepanda. Sasa keshaacha mambo hayo anataka kunitumia. Mie bangi siitaki, kwetu ni jinai na nyumba yangu ina watoto. Nnachotaka nioteshe saladi, nanaa na mrehani niwauzie mahoteli ya Kiwengwa, mana shemegi yangu yuko jikoni huko anasema saladi inavushwa kutoka bara, ikifika majani ya nje yashalegea, wanachambua wee wanabaki na kidogo. Chumba kipo, umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla), maji ya kisima. Je sanduku la bangi litaotesha saladi? Na joto letu hili?

fundi_chake:
Waalaykum salaam. Kabla hujafikiria mboga fikiria umeme. Kanada ni volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde), sisi 230 na hezi 50. Mwambie kaka yako akupigie picha ile karatasi iliyobandikwa nyuma ya kila adapta. Ikiandikwa 100-240 hiyo haina shida, unabadilisha plagi tu, na taa nyingi za LED ziko hivyo. Ikiandikwa 120 peke yake ukichomeka hapa inaungua papo hapo, hapo utataka transfoma ya kushusha. Na transfoma inashusha volti tu, hezi haibadilishi, kwa hiyo pampu ya mota inayokula umeme wa ukutani moja kwa moja itazunguka pole pole na kupata moto, na taima ya mota ya aina ile ya zamani itachelewa dakika 10 katika kila saa. Pampu bora ununue huku huku.

Jengine, na hili usilipuuze hata kidogo. Sanduku hilo lisafishwe kabla halijatoka kwake, kila kona, bomba zote zitupwe, filta ya mkaa itupwe. Mbegu moja au jani kavu moja likionekana bandarini utaelezea nini? Jina la mpokeaji ni lako, si lake.

mama_bububu:
Mwanangu, mie nalima kwa maji mwaka wa nne sasa, saladi na kotmiri, nimeanzia ndani kama unavotaka wewe, kwa hiyo nakwambia nilichokiona kwa macho yangu. Kitu kitakachokushinda si taa, ni joto la maji. Kaskazi ile ya mwanzo, mwezi wa pili, saladi yangu ilikuwa nzuri asubuhi, adhuhuri imelala chini kama iliyomwagiwa maji ya moto, na tangi limejaa! Nkainua kifuniko, harufu ya tope la mikoko, mizizi iliyokuwa myeupe imekuwa rangi ya chai, nkiishika ganda la nje linavuka lote vidoleni unabaki uzi mwembamba ndani. Ule ni ugonjwa wa pithiamu, wa kuoza mizizi. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, yakifika 30 inashuka 7 na nusu, na mizizi ikipata joto ndo inataka hewa zaidi, basi inakosa pumzi na vijidudu vinaingia. Saladi inapenda maji ya nyuzi 18 mpaka 22, wewe chumba cha Fuoni bila ya AC mwezi wa pili utayapata wapi? Mie nagandisha chupa za maji za lita moja na nusu kwenye friji, mbili zinaingia tangini saa nne, mbili nyengine saa nane. Kazi yake utaijua mwenyewe.

La pili kisima. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji yana chokaa, angalia birika lako ule ukoko mweupe ndani. Chokaa ile kila siku inaipandisha pH, na saladi inataka 5.5 mpaka 6.5, ikipita hapo chuma hakipandi mmeani hata kama kimo majini, majani mapya yanakuwa manjano mishipa inabaki kijani. Watu wanatia ndimu. Ndimu inashusha leo, keshokutwa imepanda tena kwa sababu bakteria wanaila. Tumia asidi ya fosfori ya madukani, vaa glavu, tia matone matone. Tindikali ya betri kongwe usithubutu, ina madini ya risasi, sumu, na hiyo ni chakula cha watu. Mie masika nakinga maji ya mvua ya bati nachanganya nusu kwa nusu, mabadiliko makubwa.

kijani_paje:
Nakubaliana na mama, naongezea upande wa sanduku lenyewe. Yale yamepangwa kwa bangi, mmea mmoja au miwili mikubwa. Programu yake kwanza taa inawaka saa 18 kwa siku, halafu inakata mpaka saa 12 kwa siku ili mmea utoe maua, mana bangi ya kawaida inatoa maua usiku ukiwa mrefu. Saladi wewe hutaki ua kabisa, ikitoa bua inakuwa chungu, na joto ndo linaiharakisha. Kwa hiyo weka ile hatua ya kwanza, punguza iwe saa 14 mpaka 16, usiguse ya maua. Na ile mbolea ya maua wanayouza na sanduku iache huko huko, fosfori na potasiamu imezidi kwa majani. Chukua kalsiamu naitreti na mbolea ya NPK ya kuyeyuka, kila moja kwenye chupa yake, ukizichanganya zikiwa kali zinaganda unga mweupe chini, mmea haupati kitu.

Sasa hesabu. Tuseme taa ni wati 150, saa 16 kwa siku, ni yuniti 2.4, mwezi 72, hapo feni na pampu bado, na unapata vichwa vingapi vya saladi kwenye friji ile? Sita? Mahoteli yanataka kilo. Mie ningelitumia kwa miche tu. Trei moja inakaa miche mingi, wiki mbili tatu unaitoa nje kwenye ndoo zenye mfuniko chini ya neti ya kivuli. Njia ya Kratky, yule profesa wa Hawaii, haina pampu wala umeme, kama lita 4 kwa kichwa kimoja, mmea unakunywa maji yanashuka, mizizi ya juu inabaki hewani. Ndoo zifukie nusu ardhini zisipate moto.

fundi_chake:
Hapo kwenye bila pampu napigia mstari. Nani kasahau waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara ulivokatika, 2008 mwezi mzima, halafu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu Unguja giza. Siku hizi afadhali lakini umeme ukikatika mchana wa kaskazi, mizizi inayotegemea pampu haifiki jioni.

mwana_fuoni:
Allah awajaze kheri, nimeelewa mengi. Kaka katuma picha, adapta ya taa 100-240, pampu 120 tupu, hiyo nimemwambia aitoe, na filta keshaitupa. Ntafanya miche ndani, ndoo 20 nje kwenye kivuli cha mwembe. Mama, mwezi wa sita si ndo kipupwe, nkianza hapo ntawahi?

mama_bububu:
Anza mwezi wa tano mwisho, miche iwe tayari kusi likishika. Lakini chini ya mwembe hapana mwanangu, kivuli kizito na majani yanaanguka. Nunua neti. Na mrehani usiupeleke kivulini, ule jua unaliweza.