Video za UFO zipo tele, kwa nini vyuo vikuu vinaweka mitambo upya?

mtazama_anga:
Wadau habari zenu, naombeni kueleweshwa. Nasoma kuna vyuo vikuu vimefunga mitambo inayoangalia anga usiku na mchana kutafuta vitu visivyotambulika, zamani tukiita UFO siku hizi wanasema UAP. Sasa video si zipo kibao, hadi za marubani wa jeshi la Marekani, kwa nini wasichambue hizo?

nyuzi90:
Hazitoshi mkuu, shida ni umbali, usipojua kitu kipo mbali kiasi gani huwezi kujua kasi yake. Nyoosha mkono hapo ulipo, simamisha kidole gumba, funga jicho moja kisha badilisha ufunge lingine. Kidole kimeruka, si ndio? Na hujakisogeza. Ndo kilichotokea kwenye video ya GoFast, moja ya hizo za marubani wa jeshi la Marekani, kitu kinaonekana kinakata juu ya bahari kwa kasi ya ajabu, ila jopo la NASA kwenye ripoti ya 2023 walipiga hesabu wakakuta kipo juu karibu mita 4,000 na kinaenda kama kilomita 64 kwa saa tu, kasi kubwa unayoiona inatokana na mwendo wa ndege yenye kamera. Na pale angalau namba zilikuwa zimeandikwa kwenye skrini wakapata pa kuanzia, video ya simu haina hata hizo.

sensa_na_data:
Naongezea hapo. Galileo Project ya Harvard, ile ya mwanaastronomia Avi Loeb iliyoanza 2021, wana mtambo wa kamera 8 za infraredi, zinanasa joto kwa hiyo giza siyo tatizo. Kabla ya kutafuta cha ajabu walianza na ndege za kawaida, maana ndege inatangaza yenyewe kwa redio ipo wapi, basi unalinganisha na kamera yako unajua inaona vizuri hadi wapi. Kazi hiyo haina mvuto ila kwangu ndo sayansi yenyewe. Miezi 5 ya mwanzo walinasa mapito ya vitu angani kama laki 5, programu ikatenga asilimia 16 yasiyo ya kawaida, watu wakayakagua, yakabaki 144, na hayo nayo wanasema yaelekea ni vitu vya kawaida tu, walichokosa ni umbali.

mlinzi_wa_usiku:
Msisahau Hessdalen kule Norway, zile taa za ajabu zinazoonekana bondeni. Tangu 1984 watu walipeleka rada na vipima sumaku, 1998 wakaweka kituo kinachojiendesha chenyewe. Hata Würzburg Ujerumani chuo kina kamera za kazi hiyo.

mtazama_anga:
Asanteni sana, nimejaribu hiyo ya kidole hadi nimeelewa. Sasa huo umbali wataupataje?

sensa_na_data:
Kamera sehemu mbili zilizoachana kilomita kadhaa, zote zinalenga kitu kilekile, unapiga hesabu ya pembetatu. Ila saa zake lazima zilingane kabisa ndugu, ndege ya abiria ikiwa juu inakwenda karibu mita 250 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ikichelewa sekunde 1 tu ushapotea robo kilomita.