Mrejesho: kufundisha Kiswahili uwanjani, darasa la kwanza, Kasulu

Walimu wenzangu, habari za kazi. Niliuliza jinsi ya kutumia kipindi cha michezo kuwafundisha Kiswahili watoto wanaokuja shule na Kiha pekee. Ushauri wenu wa kuanza na amri za kutenda, ile njia ya James Asher wa Marekani, umefaa sana.

Vitenzi visizidi 5 kwa kipindi: simama, kaa, ruka, geuka, rudi. Mwalimu anasema huku akitenda mara 3, kisha anasema tu. Hapo ndipo tatizo linapojitokeza: mtoto hasikilizi, anamtazama mwenzake. Dawa yake ni makundi ya watoto 8, kila kundi na mstari wake wa majivu na amri yake. Mpangilio nao ubadilike, la sivyo wanakariri mfuatano badala ya maneno.

"Ruka" na "rukeni" zipishanishwe mapema. Ukisema "Neema, ruka" na akaruka Neema peke yake, wameelewa. "Usiruke" isubiri, wengi wanadaka mwisho wa neno na kuruka.

Kwenye rede, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, anayerusha ataje kwanza anakolenga: "mguu", "mgongo". Mpira uwe wa matambara, na kichwa kisilengwe kabisa. Mchezo ukinoga wanarusha kimya kimya; piga filimbi, mpira uende upande wa pili. Inapendeza mno kusikia wale wanyamavu wa darasani wakitaja kwa sauti!

Bado natafuta namna ya kufundisha "juu ya" na "chini ya" uwanjani bila madawati. Mwenye mbinu anisaidie.