Natafuta kondoo wanne wa kuanzia, niko Tandahimba

mkorosho_ekari3:
Habari wakuu. Nina ekari tatu za mikorosho, na masika majani yanafika kiunoni. Nataka majike watatu na dume mmoja. Jamaa mmoja ananishawishi nichukue chotara wa Dorper (kondoo wa nyama, asili yake Afrika Kusini) kutoka Dar, mwingine anasema nitafute wa kienyeji huku huku. Nikifika kwa muuzaji niangalie nini? Na nikishawaleta nyumbani, nianze na lipi?

bwana_zizi:
Mkuu, wa kienyeji. Huku kwetu joto na unyevu vimekutana, na kinachoua kondoo zaidi ni minyoo wanaonyonya damu tumboni. Diani, pwani ya Kenya, watafiti waliwalinganisha Dorper na Red Maasai, kondoo wa kienyeji wa Afrika Mashariki, miaka ya 1990. Kwenye unyevu ule Red Maasai alihimili minyoo, Dorper wakafa kwa wingi. Dorper anakua haraka, sikatai, ila huyo ni wa nyanda kavu.

Nunua wote kwa mfugaji mmoja, uone na kundi wanakotoka. Mnadani unachanganyiwa magonjwa ya kila kijiji. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilipoingia Newala na Tandahimba mwaka 2009, chanzo kilitajwa kuwa mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar. Usisahau kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa mifugo wa huko unakonunua.

Ukimshika, vuta kope la chini. Ndani pawe pekundu au waridi iliyokolea. Pakiwa peupe, damu imekwisha, mwache hata akipunguzwa bei. Papasa chini ya taya: uvimbe laini, wenye maji, ni dalili ya minyoo waliokithiri. (Ukinunua pande za Liwale au Kilwa, weupe wa kope unaweza pia kuwa nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na dawa ya minyoo haitausaidia.) Inua mkia uone kama ameharisha. Minya kiwele cha jike aliyewahi kuzaa. Chuchu iliyoziba au donge gumu maana yake mtoto atakosa maziwa. Dume akaguliwe makende: yote mawili yawepo, yalingane, yawe magumu kiasi.

daktari_wa_kijiji:
Naongeza umri. Fungua mdomo utazame meno ya mbele ya chini (juu hana, usije ukadhani yameng'oka). Meno mawili makubwa ni mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, manne ni karibu miaka miwili, manane ni miaka mitatu au minne. Chukua wa mawili au manne. Yaliyoachana na kuvunjika ni bibi huyo.

Wakifika, siku 21 wakae mbali na mbuzi wako na wa jirani, vyombo vya maji mbali pia. Kamasi nzito, vidonda mdomoni na kuhara kwa pamoja: mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo. Wakiwa wazima, aje awachanje sotoka.

Siku ya kwanza wape albendazole ya asilimia 2.5, mililita 1 kwa kila kilo 5. Wa kilo 30 anapata 6. Wapime kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya ufuta inatosha. Kukadiria kwa macho ndiko kunakopunguza dozi na kuzalisha minyoo sugu. Kichwa kikae sawa, bomba lipite pembeni mwa mdomo. Ukikiinua sana dawa inaingia mapafuni. Jike mwenye mimba ya mwezi wa kwanza usimpe albendazole, mwombe mtaalamu levamisole. Wabaki bandani siku mbili ndipo watoke, bado peke yao hadi zitimie zile 21. Baadaye usiwape wote kila mwezi kwa mazoea. Mpe anayepauka kope.

Asubuhi usiwatoe kabla umande haujakauka, viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani mabichi.

salfa_na_majani:
Hakuna aliyegusa mikorosho. Juni hadi Septemba unapulizia salfa, na vumbi linatua kwenye majani hayo hayo. Salfa nyingi tumboni humharibu kondoo ubongo: anapofuka, anagonga miti. Dawa ya mbu wa mikorosho nayo ni sumu. Miezi hiyo wafunge nje ya shamba au wakatie majani kwingine mpaka mvua ioshe.

Mabibo wanayapenda mno. Wakila mengi kwa mkupuo tumbo linachacha na wanalala chini, kwa hiyo okota kwanza, wape machache. Majani na maganda ya muhogo mchungu yaanikwe siku mbili tatu. Chumvi ya madini iliyotengenezwa kwa ng'ombe usiwape, ina shaba inayojikusanya kwenye ini la kondoo.

mkorosho_ekari3:
Nashukuru sana wakuu. Dume nianze naye kweli, kwa majike watatu tu?

bwana_zizi:
Dume mmoja anatosha majike 25. Kama jirani ana mzima, aliyechanjwa, mwazime, hela hiyo ongeza jike wa nne. Ukinunua wako, mbadilishe na mfugaji mwingine kabla hajawapanda binti zake. Wanaanza kushika mimba wakiwa na miezi minane hivi, na mimba ni miezi mitano.

Kama unalenga Idd el-Hajj, kwa baadhi ya madhehebu kondoo wa miezi sita aliyejaa mwili anakubalika kwa udhiya, wakati mbuzi anasubiriwa atimize mwaka. Piga hesabu kutoka hapo kurudi nyuma.