Naomba ushauri: mashine ya diski kwa muziki wa klasiki wa Ulaya

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wenye uzoefu. Kwa miaka mingi nimekusanya diski za muziki wa klasiki, nyingi zikiwa CD za kawaida na kama 30 zikiwa SACD, aina ya diski yenye sauti ya ubora wa juu kuliko CD, iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999. Natafuta mashine itakayoniwezesha kusikia, hata okestra nzima inapopiga kwa nguvu, pumzi ya mpiga filimbi, upinde unapougusa uzi wa fidla, na mwangwi wa ukumbi unavyofifia, bila sauti kuwa kali hadi masikio yachoke; kwangu uchovu huo ni kasoro kubwa kuliko yote. Nimevutiwa na Marantz SA-10, ambayo hata CD huigeuza kuwa DSD, yaani mfumo wa kidijitali unaotumiwa na SACD, kabla ya kutoa sauti, lakini Accuphase DP-570 nayo inanivuta. Aliyezisikiliza zote mbili aliona tofauti gani kwenye fidla na kwaya? Tena, nikiagiza iliyotumika kutoka Japani, ambako umeme ni volti 100, je, transfoma ya kushusha umeme wetu wa Nairobi wa volti 240 itaathiri sauti? Amplifaya na spika ninazo, na sikusudii kuzibadilisha.