NPR ya zamani, breki za nyuma zimeshika baada ya masika – lori la chumvi, Uvinza

Gunia_la_Chumvi
Wakuu, habari za kazi. Isuzu NPR ya 1992, breki za mafuta, dramu mbele na nyuma. Ilikuwa inabeba chumvi kutoka Uvinza kwenda Kigoma mjini na Kasulu, halafu ikasimama nje juu ya udongo tangu Desemba hadi huu mwezi wa tano. Injini inawaka bila shida. Nikitia gia namba moja lori linakaa nyuma, kisha injini inazima. Tairi za nyuma hazizunguki upande wowote, za mbele ziko huru. Hendibreki nimeiachia na waya wake nimeufungua kabisa, hakuna badiliko. Pedali iko juu na ngumu.

Nimeshauriwa livutwe na lori jingine mpaka liachie. Nivute au nifungue? Na nikifungua, ninunue nini mapema, maana spea nyingine hapa mpaka ziagizwe Dar.

Spana19
Usivute, mkuu. Kama lainingi (kitambaa kinachosugua dramu) imegandana na dramu kwa kutu, ukivuta inabaki kwenye dramu na shuu, kile chuma kinachoibeba, inatoka tupu. Vipande vinajikaba humo ndani, na dramu ambayo ingechomoka kwa nusu saa inakula siku nzima. Bado hujahesabu meno ya difu (gia za ekseli ya nyuma) yanayoweza kukatika.

Hendibreki iache. Kwenye lori hilo ina dramu yake ndogo nyuma ya giaboksi, inashika propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma), haifiki kwenye magurudumu. Ila kwa chumvi nayo inaweza kushika, kwa hiyo zungusha propela kwa mkono huku gia ikiwa nyutro na tairi za nyuma zikiwa juu. Uchezo mdogo wa difu ukiusikia, hendibreki iko salama.

Magurudumu mawili kushika kwa pamoja kunanitia shaka na mpira wa breki. Mafuta ya nyuma yote yanapita kwenye mpira mmoja kutoka chasisi hadi ekseli. Ukizeeka unavimba kwa ndani: mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapite, springi za shuu hazina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje unauona mzima kabisa.

Pima hivi. Weka kabari tairi za mbele, inua nyuma, egemeza ekseli kwenye stendi au magogo mazito, jeki peke yake haitoshi. Legeza kwanza bomba la nyuma pale linapotoka kwenye masta silinda (pampu ya mafuta ya breki inayosukumwa na pedali). Magurudumu yakiachia, tatizo ni masta: tundu la kurudishia limeziba, au fimbo ya pedali haina uchezo. Yasipoachia, kaza, nenda kwenye gurudumu ulegeze skrubu ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likazunguka, ni mpira, au bomba la chuma limekunjika. Mafuta yakidondoka tu na gurudumu likabaki gumu, ni kutu ndani ya dramu. Skrubu yenyewe igonge kidogo na uiloweshe mafuta ya kulegezea kutu tangu jana yake, ikikatika umepoteza silinda ya gurudumu, ile inayosukuma shuu.

Utingo_Mstaafu
Kwa kutu la chumvi, mwagia dizeli humo ndani usiku kucha, asubuhi choma dramu kwa gesi. Inatoka.

Fundi_Urambo
Hapo kwa dizeli napinga. Dizeli, petroli na mafuta ya taa vinavimbisha raba za breki, na lainingi ikishakunywa dizeli haishiki tena, hata ukiipiga msasa. Mafuta ya kulegezea kutu yapake pale katikati tu, dramu inapokaa juu ya habu (kitovu cha gurudumu). Moto uwe wa mwisho, na usiwahi kuchoma dramu tairi ikiwa imefungwa. Hata tairi ikiwa nje, moto wa sehemu moja unapasua chuma cha kumwaga.

Kutoa dramu: nati za upande wa kushoto wa malori ya Kijapani ya umri huo zina uzi wa kushoto, zimegongwa herufi L. Zinafunguka ukizungusha kwa mwelekeo wa saa. Watu wanakata stadi (bolti za gurudumu) kila siku kwa kusahau hilo. Nyuma kuna nati mbili kwa kila stadi, ya nje ya tairi la nje, na ya ndani yenye kichwa cha pembe nne.

Kisha angalia uso wa dramu. Ukiona skrubu za kuishikilia na matundu mawili yenye uzi, dramu inatoka bila habu. Usipoyaona, utatoa shafti ya ekseli na habu nzima, basi andaa sili za oili na grisi ya beringi. Kabla ya kuvuta lolote, rudisha adjasta (kirekebishi cha nafasi ya shuu) kupitia tundu la sahani ya nyuma, bati linalobeba shuu. Dramu iliyolika ina ukingo kwenye mdomo, na shuu zimekaa nyuma ya ukingo huo. Usipozirudisha utapiga nyundo mpaka kesho. Adjasta ikigoma, kata kwa tindo pini zinazobana shuu, kwa nyuma. Halafu funga bolti mbili kwenye yale matundu, kaza robo mzunguko huku, robo kule, na gonga uso wa dramu katikati ya stadi kwa nyundo na kipande cha mbao.

Vumbi la ndani lisipulizwe kwa kompresa. Lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, inayodhuru mapafu. Losha kwa maji ya sabuni.

Gunia_la_Chumvi
Asanteni sana. Nimepima. Masta hakuna kitu. Skrubu ya kushoto: mafuta meusi yameruka, gurudumu limeachia. Kulia yamedondoka tu, gurudumu gumu vilevile. Dramu ya kulia nimeitoa kwa bolti mbili. Pistoni mbili zimegandana ndani ya silinda, na shuu zimechimba vishimo kwenye sahani ya nyuma.

Fundi_Urambo
Una magonjwa mawili basi. Mpira badilisha tu, hautengenezwi.

Silinda: toa pistoni, piga msasa laini wa maji namba 600 kwa kuzungusha, si kwa kwenda na kurudi. Kishimo kikikwaruza ukucha, silinda nzima ibadilishwe, raba mpya haitaziba hapo. Namba ya inchi (kipenyo chake) iko mgongoni mwa silinda, inakili kabla ya kuagiza. Hesabu pistoni za magurudumu yote mawili ya nyuma, agiza raba na vifuniko vya vumbi idadi hiyohiyo. Usifungue kulia tu na kuacha kushoto, lori litavuta upande ukishuka milima ya Kasulu.

Unaposafisha na kufunga, raba iguswe na mafuta ya breki tu. Grisi ya kawaida kamwe. Vile vishimo vya sahani jaza kwa welding, sugua viwe sawa, paka grisi ya joto kali kidogo sana, kama unavyopaka mafuta kidoleni. Visipojazwa, shuu itarudi kukwama palepale hata kama silinda ni mpya. Springi yenye mapengo kati ya mizunguko imelegea, tupa. Dramu isome: kipenyo cha mwisho inachoruhusiwa kufikia ikilika kimeandikwa kwenye chuma chenyewe.

Spana19
Niongeze la mafuta. Hayo meusi toa yote, nunua lita 2 za mafuta ya breki ya daraja la DOT 3, chupa zilizofungwa. DOT 3 inachemka nyuzi 205 ikiwa mpya na 140 ikishanyonya maji, ndiyo maana chupa iliyokaa wazi dukani haifai. Toa upepo injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa kwanza kumaliza nguvu ya busta (kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki), halafu anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kaza adjasta mpaka gurudumu ligome, rudisha meno hadi lizunguke kwa kusugua kidogo tu.

Endesha kama kilomita 5 bila mzigo, simama, karibisha mkono kwenye kila dramu bila kugusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake, rudi kwenye adjasta yake. Na kila safari ya chumvi, chini kuoshwe kwa maji baridi siku hiyohiyo, kisha ukanyage breki njiani zikauke kabla hujaegesha.