Tupeane uzoefu: magaga na miguu mikavu, wewe ulifanya nini ikalainika?

MamaKevo_Section58
Wadau hamjambo. Wacha nianze na yangu ndio nyinyi pia msione haya. Mwezi wa pili huu, na mnajua Nakuru mwezi wa pili vile huwa, vumbi mpaka kwa meno, nikajigeuza usiku kitandani kisigino kikashika uzi wa blanketi kikauvuta, mzee akaamka akauliza "kwani umelala na viatu?" Nilicheka lakini usingizi uliishia hapo. Asubuhi nikakaa mlangoni kwa mwanga nikaangalia vizuri, kisigino cha kulia kimechorwa kama tope lililokauka kando ya ziwa, na ufa mmoja umeingia ndani mpaka una damu. Uso napaka kila kitu, watu wananiambia siwezi kuwa na miaka 43, lakini mtu akishusha macho chini anaona shosho yangu.

Na si ati nilikuwa sijali, nilikuwa nasugua kila jioni. Lile jiwe jepesi lenye mashimo, ukilitia kwa beseni linaelea, huku kwetu kulinunua ni kupenda tu, wanaopanda Menengai, ule mlima wetu wa volkano, wanarudi nalo mfukoni. Nilisugua mpaka nyama ikawaka moto, na baada ya siku mbili ngozi inarudi ngumu kuliko mwanzo. Dada wa kemisti ndiye alinifungua macho, akaniambia nyayo hazina tezi za mafuta kama sehemu zingine za mwili, zinatoa jasho tu, kwa hivyo usipopaka wewe hakuna wa kupaka, na ukizidisha kusugua mwili unadhani unaumizwa unajenga ngozi nene zaidi kujikinga. Sasa nasugua mara mbili kwa wiki pekee. Maji vuguvugu, si ya moto, dakika kumi hivi, nasugua polepole, nafuta, na ngozi ikiwa bado na unyevu napaka Vaseline nzito navaa soksi za pamba nalala. Nilikuwa napaka saa ya kulala miguu ikiwa imekauka zamani, ndio maana sikuona faida. Wiki ya tatu blanketi likaniachilia. Haya, leteni zenu.

Mtu_wa_Kondele
Mimi ni slipa tu zilikuwa zinanimaliza. Nyuma iko wazi, kisigino kinatanuka kila hatua na kinapigwa na vumbi. Nimerudi viatu vya kufunga nyuma na soksi, sijapaka kitu cha maana na nyufa zimepungua.

JaKano_wa_Mpunga
Mama Kevo nimesoma yako nikasema wacha nionye wenzangu kabla hawajajimwagia Vaseline. Mimi niko Ahero kwa mpunga, wakati wa kupandikiza unaweza kusimama kwa maji kutoka asubuhi mpaka saa nane. Vidole vyangu vya mwisho huko katikati vilikuwa vyeupe kama ugali uliolala, ngozi inabanduka, inawasha usiku mpaka najikuna na mguu wa kitanda, na harufu siwezi kuandika hapa. Nikadhani ni ukavu nikajaza mafuta. Wueh! Ilikuwa ni fangasi na mimi naifunikia joto na unyevu ikae vizuri. Nikapewa krimu ya klotrimazoli, wiki moja kuwasha kukaisha nikatupa tyubu kwa dirisha, mwezi haujaisha ikarudi. Nilipoenda tena nesi akanigombeza kama mtoto, akasema hata kama umeona imepona endelea wiki mbili mbele kwa sababu mzizi bado uko. Hiyo ndiyo ilimaliza.

Siku hizi nikitoka shambani naosha, nakausha kila katikati ya kidole na kitambaa changu peke yangu, si cha watoto, na gamubuti nazijaza magazeti ya zamani usiku zinyonye maji. Mafuta ni ya kisigino na juu ya mguu, katikati ya vidole ni kavu tu. Vijana wananicheka ati mzee anatunza miguu kama bibi harusi. Wacha wacheke, mimi sijikuni.

Nekesa_Kimilili
Kwetu kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa anasugua na gunzi la mahindi pale mtoni, tena gunzi kavu, na tulikuwa tunaamini hiyo ndio pedikia yake. Alipozeeka akawa hainami vizuri, hakuna mtu alikuwa anamwangalia miguu, si ilikuwa inajulikana tu kwamba miguu yake imepasuka. Nikaja likizo nikamwosha. Kwenye zile nyufa kulikuwa na vidoti vyeusi katikati ya kitu cheupe kama punje. Funza. Jike anaingia kwa ngozi anafura na mayai huko ndani, wewe unaona ni sugu.

Jirani mmoja alikuwa ameshakuja na pini, ileile aliyotoa nayo za watoto wake. Mhudumu wa afya wa kijiji alimzuia, akasema pini moja kwa watu wengi inabeba magonjwa ya damu. Alituchanganyia ile dawa ya zambarau (potasiamu pamanganeti) kwa beseni, kukhu akatia miguu mpaka kwenye kifundo dakika kumi na tano, halafu Vaseline nyingi juu. Mwingine akasema tupake mafuta ya taa, tulikataa, hiyo inachoma ngozi na moto ukiwa karibu ni hatari ingine. Lakini kazi kubwa ilikuwa sakafu, nyumba ilikuwa ya udongo, tukawa tunanyunyiza maji na kufagia kila siku mpaka tulipopata simiti. Kwa hivyo ukiona mzazi miguu yake "imepasuka tu", shika mguu uangalie.

Akinyi_Nyalenda
Mimi nilienda saloni fulani hapa mjini, sitaitaja, wakanilaza miguu kwa maji ya moto halafu kijana akatoa wembe akaanza kukata kisigino kama anamenya viazi. Kilitoka laini kweli, nikalipa na tipu nikampa. Siku ya tatu mguu umefura, nikala antibayotiki siku saba. Wembe achaneni nao.

Na mama yangu ana sukari, huyu ndiye alinifundisha kuogopa. Alitembea siku mzima kutoka sokoni Kibuye na kokoto ndani ya kiatu, hakusikia kitu. Jioni soksi ina damu ndio tukajua. Hiyo kidonda ilichukua miezi. Kliniki wakatuambia sukari inaua hisia za miguu polepole, kwa hivyo yeye asilowekewe miguu kwenye beseni, maji ya kuosha ayapime na kiwiko, asikate sugu mwenyewe, kiatu akikung'ute kabla ya kuvaa. Nimemnunulia kioo kidogo anakiweka chini anaangalia nyayo kila jioni baada ya taarifa ya habari. Mwenye sukari asifuate hii mambo ya mawe na kusugua, aende aonyeshe miguu kliniki.

Wasike_boda
Mimi shida yangu ni juu ya mguu, alama za sandali kama punda milia lol. Jua la Webuye ukiwa kwa piki. Sanskrini huwa napaka uso, nimeanza kupaka na juu ya mguu, inasaidia kiasi. Pia kuna mtu aliniambia limau kwa magaga. Nilijaribu. Mwenye nyufa zenye damu asijaribu, nilipiga nduru mpaka jirani akaja na rungu.

MamaKevo_Section58
Wasike umeniua 😂😂 Nekesa nimepiga simu nyumbani saa hii nimuulize dada yangu miguu ya mama. Akinyi pole sana kwa mama, hiyo ya kioo naiiba.

Wale mliniuliza inboksi: ile krimu yenye yurea, ile dawa ya kulainisha ngozi ngumu, niliijaribu baadaye, asilimia 10 kwa ngozi ya kawaida, ya kisigino kigumu wakanipa ya 25. Ikigusa ufa ulio wazi inachoma, ngoja ufunge kwanza.

JaKano_wa_Mpunga
Swali la mwisho, hizo soksi za pamba za kulala nazo mnatoa wapi? Mguu wangu ni namba 12, zote nilizopata zinanifika katikati ya mguu tu.

Akinyi_Nyalenda
Jaduong njoo Kibuye kwa mitumba asubuhi mapema, uliza zile za wazungu za kuchezea mpira. Mbili mia.